Nairobi bila faili mkononi: Hesabu ya familia ya Adu inayotaka kwenda kutembea

Kila Desemba habari ni ile ile. Tiketi za treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi zinaisha mapema, mabasi yanapandisha nauli, na kwenye runinga tunaonyeshwa watoto wa Nairobi wakikimbilia maji ya bahari na nguo zao za Krismasi. Wanakuja kwetu. Watamu inachangamka, Malindi inachangamka, wenye tuktuk wanapata cha kupeleka nyumbani. Hakuna anayelalamika, hiyo ni riziki.

Lakini jiulize kitu kimoja. Ni lini mara ya mwisho ulisikia familia ya Adu, Ramada au Marafa imepanda treni kwenda upande ule mwingine, baba, mama na watoto, kwenda kutembea tu? Hakuna mazishi, hakuna mgonjwa. Wameamua watoto wauone mji mkuu wa nchi yao, basi.

Huku kwetu mtu akisema anaenda Nairobi, swali la kwanza ni "kuna nini?" Manake lazima kuna kitu. Kuna rufaa ya hospitali kubwa, kesi ya shamba, mahojiano ya kazi, au vipimo na karatasi za kwenda kufanya kazi Saudia. Unakwenda na faili mkononi, unalala kwa jamaa, alfajiri uko kwenye foleni, jioni uko kwenye basi la kurudi. Mimi mwenyewe nilifika kule mara ya kwanza na bahasha ya karo. Chuo hakikuisha, karo ilinishinda, na siku naondoka nilikuwa najua njia ya ofisi ya fedha kuliko njia ya Makumbusho ya Taifa.

Ndiyo maana nasema hili suala la likizo ya familia si la matajiri peke yao, na si la starehe peke yake. Lina siasa ndani yake. Nimelipigia hesabu, na nataka tulijadili kwa namba.

Mji wa kupelekwa

Sisi watu wa Pwani kule tunaita "bara," hata kama ni Kenya hiyo hiyo. Si ajabu. Mekatilili wa Menza, ambaye kaburi lake liko Bungale hapa hapa Magarini, alikamatwa mwaka 1913 na Waingereza wakampeleka mbali hadi Kisii. Bara kwa wazee wetu ilikuwa mahali pa kupelekwa. Miaka karibu mia moja baadaye, vijana wa Pwani walikuwa wanaandika ukutani "Pwani si Kenya." Wengine walikubaliana na maneno hayo, wengine waliyapinga, lakini kila mtu alielewa yanatoka wapi: nchi unayoijua kama mahali pa kuombea tu, utaihisije kuwa yako?

Sasa fikiria mtoto wa gredi ya sita kule Adu. Kitabuni anasoma Bunge, KICC, mbuga ya Nairobi, makumbusho. Mtihani utamuuliza. Mwenzake wa Buruburu anapita mbele ya Bunge akiwa kwenye matatu, bila hata kujua kwamba anasoma. Shule ikipanga safari ya Nairobi, wanaokwenda ni wale ambao wazazi wao walilipa. Wanaobaki wanaambiwa wataonyeshwa picha.

Nchi inaongea na nani hasa inapohubiri utalii wa ndani? Tumesikia kampeni ya Tembea Kenya miaka nenda miaka rudi. Picha zake nyingi ni za gari kubwa, miwani ya jua na bwawa la kuogelea. Wizara husherehekea wageni wa kutoka nje, waliofika karibu milioni 2.4 mwaka 2024, na hiyo ni sawa. Kwa wenyeji, takwimu kubwa tunayopewa kila mwaka ni ya vitanda vya hoteli vilivyolaliwa. Hapo ndipo tunapopotea. Familia ya Adu ikienda Nairobi italala kwa mjomba Mlolongo, watoto watatu kwenye godoro moja sebuleni. Hakuna hoteli itakayoandika jina lao. Kwenye hesabu ya nchi hawakusafiri.

Na mtu asiyehesabiwa hapangiwi bei.

Pesa inaendaje

Tuchukue familia ya mfano: baba, mama, na watoto watatu wa miaka 13, 10 na 7. Nauli ya daraja la pili kati ya Mombasa na Nairobi ilikuwa Sh1,000 hadi Januari 2024 ilipopandishwa hadi Sh1,500. Daraja la kwanza lilitoka Sh3,000 hadi Sh4,500, hilo tuwaachie wenyewe. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hiyo wakubwa wawili ni Sh3,000, huyu wa miaka 13 ni mtu mzima machoni pa reli, Sh1,500, na wale wadogo wawili Sh1,500 kwa pamoja. Jumla Sh6,000 kwenda, Sh12,000 kwenda na kurudi.

Kabla ya nauli kupanda, familia hii hii ingelipa Sh8,000. Ile tofauti ya Sh4,000 kwa mtu wa Westlands ni chakula cha jioni. Adu hiyo ni mahindi ya wiki kadhaa.

Ongeza matatu za Adu hadi Mombasa na kurudi kwa watu watano, niweke Sh6,000. Matatu za ndani ya Nairobi na viingilio, Sh5,000. Chakula njiani, na kitu cha kuweka mezani kwa mwenyeji wako, Sh7,000. Kwa makadirio yangu tumefika Sh30,000, na hapo hatujalipa chumba hata kimoja.

Elfu thelathini ni nyingi. Sitadanganya kwamba kila nyumba Adu inaweza, hasa mwaka ambao mvua imekataa na mbuzi wamekonda. Lakini tuwe wakweli pia. Wengi wetu tunachanga zaidi ya hapo kwa harusi moja, na matanga tunachanga bila kuulizwa mara mbili. Sh600 kwa wiki, wiki 50, ni Sh30,000. Chama cha akina mama watano kinaweza kufanya iwe mzunguko: mwaka huu watoto wa huyu, mwaka ujao wa yule. Ama uifunge kwenye M-Shwari mpaka likizo ifike, usiiguse.

Ukiiangalia hesabu vizuri utaona kitu. Viingilio vyenyewe si mzigo mkubwa. Makumbusho ya Taifa kwa muda mrefu yamekuwa yakitoza raia Sh200 mkubwa na Sh100 mtoto, yaani familia yetu yote inaingia kwa Sh700. Kinachoua ni barabara na kitanda. Kwa hiyo mpango mzuri ni ule unaookoa nauli na usiku wa kulala. Kuruka mahali pa kuona ili kuokoa mia mbili hakusaidii kitu.

Usiku wa kwanza ni Mombasa

Kosa linaloharibu safari nyingi ni kutaka kutoka Adu na kufika Nairobi siku hiyo hiyo. Treni ya asubuhi inaondoka Miritini saa mbili, na unatakiwa ufike mapema kwa sababu ya ukaguzi. Kutoka Adu hilo haliwezekani, labda ulale kwenye matatu. Ukichukua ya saa tisa mchana utashuka Syokimau usiku, na watoto wamechoka. Ya saa nne usiku itakushusha alfajiri kwenye baridi, huku mjomba bado amelala.

Kwa hiyo mlale Mombasa. Kila familia ya Giriama ina mtu Kisauni, Mtopanga au Mikindani, tusidanganyane. Toka Adu alfajiri, fika Mombasa kabla ya saa sita, na mchana huo uwe siku ya kwanza ya matembezi. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593, iko pale. Ukitoka hapo, shuka na watoto hadi Mama Ngina, wakae kwenye upepo, waone meli zinaingia bandarini. Halafu nenda Likoni muvuke na feri. Anayetembea kwa miguu halipi. Mtoto wa Adu ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini atavuka na kurudi bila shilingi, na nakuhakikishia hiyo ndiyo atakayoisimulia kwanza shuleni.

Kesho yake mpande treni ya asubuhi, ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Ni ya polepole kuliko za mchana na usiku, ndiyo maana naipenda kwa watoto. Inapita Tsavo kukiwa na mwanga, na ukiwa na bahati utaona ndovu dirishani. Tiketi unaweza kununua kwa *639# hata na simu ya kabambe. Beba kitambulisho chako. Kisu cha kukatia maembe kiache nyumbani, ukaguzi hautakipitisha. Nazi na mihogo ya mjomba beba, hiyo ndiyo kodi ya sebule.

Siku tatu, sehemu chache

Tatizo la pili ni tamaa. Mtu anaandika sehemu kumi na mbili kwenye karatasi, halafu siku nzima inaishia kwenye foleni ya Mombasa Road. Nairobi haitembelewi hivyo na watoto. Kila siku ipangie upande mmoja wa mji, na uhesabu sehemu mbili au tatu, basi.

Siku ya kwanza iwe katikati ya mji, kwa miguu. Anza Jumba la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais: vinyago, ngoma, nguo na mapambo kutoka Afrika nzima. Hapo karibu kuna sanamu ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi barabara hiyo hiyo Julai 1969. Teremka hadi kona ya Haile Selassie kwenye bustani ya kumbukumbu ya bomu la Agosti 7, 1998, ambapo majina ya waliokufa, zaidi ya watu 200, yameandikwa ukutani. Wengine wataniambia hapo si mahali pa watoto. Mimi naona mtoto wa miaka kumi anaweza kusimama mbele ya ukuta na kuelewa kwamba haya ni majina ya watu waliokwenda kazini asubuhi. Halafu mpande juu ya KICC, jengo lililokamilika mwaka 1973, mwone mji wote kwa chini. Ukimaliza na watoto bado wana nguvu, Uhuru Park iko ng'ambo, waachie wakimbie.

Siku ya pili ni Makumbusho ya Taifa, na jioni makumbusho ya reli nyuma ya stesheni ya zamani. Kwenye Makumbusho ya Taifa kuna mifupa ya Kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu na wenzake mwaka 1984, ya mtu aliyeishi karibu miaka milioni moja na nusu iliyopita. Nje kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alimpa ulinzi wa rais mwaka 1970. Kwenye makumbusho ya reli kuna behewa ambalo simba aliingia usiku mwaka 1900 pale Kima akamtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, aliyekuwa amekaa humo akimvizia simba huyo huyo. Watoto watataka kupanda ndani. Waache.

Nakupa onyo dogo hapa. Maandishi mengi kwenye makumbusho yetu ni ya Kiingereza. Hawe wako, bibi aliyekulea, ukimleta atazunguka humo kama mtu anayeangalia sinema bila sauti. Omba mwelekezaji anayeongea Kiswahili, wapo, na wengi hufurahi. Lakini kwani ni lazima tuombe? Nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake ya taifa na lugha rasmi inashindwa vipi kuandika mistari mitatu chini ya mfupa?

Siku ya tatu ni wanyama, upande wa Lang'ata. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ndiyo ya kwanza nchini, lakini ndani yake huruhusiwi kutembea kwa miguu, unahitaji gari. Kukodi gari kutavunja bajeti nzima. Ada nayo imekuwa gumzo: mkubwa raia alikuwa akilipa Sh430 kwa miaka mingi, na kanuni mpya za mwaka 2025 zikaitaja Sh1,000. Angalia kwenye eCitizen ada ya siku unayokwenda, kwa sababu ndiko utakakolipia, hawachukui pesa mkononi.

Kwa familia isiyo na gari, jibu liko pale pale kwenye lango kuu. Kuna kituo cha wanyama yatima na njia ya miguu inayopita juu ya mabanda ya wazi, zote zinatembelewa bila gari. Simba, chui, kifaru, watoto wataona. Matatu za Rongai, namba 125 na 126, zinapita Lang'ata Road mbele ya lango. Mwambie kondakta akushushe KWS.

Ukitaka twiga, nenda kituo cha twiga kule Karen, watoto wawalishe kwa mkono. Na uwaambie hivi: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa Uchina, akapokewa na mfalme mwenyewe. Safari hiyo ya twiga ilitoka kwetu. Sasa sisi tunasafiri kilomita mia sita kumwona. Wacheke, lakini walijue.

Ndovu wa Adu na ndovu wa Nairobi

Kuna kituo kimoja ambacho nimekitenga kwa makusudi, nacho ni kitalu cha ndovu yatima cha Sheldrick, ndani ya mbuga ya Nairobi. Hufunguliwa kwa umma saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita, na lazima uweke nafasi mapema. Krismasi kimefungwa. Ndovu wadogo wanakuja mbio, wananyonyeshwa maziwa kwa chupa, wageni kutoka Ulaya wanatoa machozi.

Sasa mlete mtoto wa Adu pale. Kwake ndovu ni sauti ya usiku kwenye mahindi. Ni sababu ya baba kukesha na tochi na mabati ya kupiga. Upande wetu wa Magarini unaoelekea kwenye ranchi na Tsavo, ndovu hawaulizi mpaka uko wapi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi fidia ya Sh5 milioni kwa familia iliyouliwa mtu, na Wakenya wanaoishi kando ya mbuga wanajua fidia hiyo inavyochelewa.

Wapo watakaosema usimpeleke mtoto huyo pale, utamkera. Mimi nasema mpeleke yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Wengi wa ndovu wale wadogo wakikua hurudishwa Tsavo, yaani kwa jirani yetu. Mtoto wa Adu ana haki ya kuona upande wa pili wa hadithi: kwamba huyu mnyama naye ana mama aliyekufa, na kwamba kuna watu wanalipa kumwona akinywa maziwa. Halafu akirudi nyumbani aulize swali ambalo mgeni wa Ulaya hawezi kuliuliza: hizi pesa za langoni zinafika kwa nani? Shamba la baba likiliwa, mbona hakuna foleni ya watu wanaotoa machozi?

Swali hilo halitoki kitabuni. Linatoka kwa mtoto aliyeona pande zote mbili kwa macho yake. Mimi kwa hilo tu ningelipa Sh30,000.

Kwenda wakati wao wanakuja

Suala la tarehe nalo ni la kufikiria. Treni za kabla ya Krismasi hujaa kuelekea Mombasa, na baada ya mwaka mpya hujaa kuelekea Nairobi. Familia ya Adu inaenda kinyume na mto, na hiyo ni faida yetu. Panda wiki ya kabla ya Krismasi wakati wao wanateremka, rudi kabla ya Januari. Nairobi ya siku hizo inapumua, matatu zinatembea, foleni hakuna.

Likizo ya Agosti inafaa pia ila beba masweta. Sisi wa joto hatujui baridi ya Nairobi mpaka itupige, na mtoto mwenye mafua haoni makumbusho. Aprili kuna mvua. Juni 25 na Julai 7 zimekuwa siku za maandamano, na katikati ya mji huwekwa vizuizi. Tangu 2024 kijana yeyote anajua hilo. Una haki ya kuandamana, lakini usipange KICC na mtoto wa miaka saba siku hiyo.

Nani afanye nini

Wazazi wa Adu wakichanga, wamefanya sehemu yao. Kuna wengine wawili wa kuulizwa.

Wa kwanza ni serikali ya kitaifa. Reli ni ya umma, makumbusho ni ya umma, mbuga ni za umma. Kwa nini hakuna tiketi moja ya familia inayojumuisha treni na makumbusho, kwa bei ya chini siku za katikati ya wiki wakati viti viko wazi? Kiti kitupu kinachotoka Miritini Jumanne hakimletei mtu faida. Mjaze humo mtoto wa Magarini kwa nusu bei hata kama ana miaka 15. Hiyo ndiyo Tembea Kenya.

Wa pili ni kaunti yetu ya Kilifi. Kila mwaka tunasikia mipango ya kuwaleta watalii. Mpango wa kuwatoa watoto wetu kwenda kuona nchi ni wapi? Basi moja la kaunti kutoka kila wadi hadi Miritini wakati wa likizo lingepunguza ile Sh6,000 ya matatu kwa sehemu kubwa. Hilo si ombi la ajabu. Mabasi tunayaona yakibeba watu kwenda mikutano ya siasa, kwa hiyo njia wanaijua.

Kwa familia inayotaka kuanza, usianze na Nairobi. Anza na Gede, mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, kwa safari ya siku moja ya matatu. Au nenda Nyari, yale makorongo ya rangi pale Marafa ambayo wageni wanavuka bahari kuyaona na majirani wengine hawajawahi kusimama ukingoni. Huko utajifunza kulipia kiingilio kwa simu, utajua watoto wako wanachoka saa ngapi, na watakuwa na kitu chao cha kulinganisha watakapofika mji mkuu. Mtoto anayejua magofu ya Gede haingii makumbusho ya Nairobi kama mgeni.

Halafu pigia simu mjomba wa Mlolongo miezi mitatu kabla, si siku tatu. Akikuuliza kuna nini, mwambie hakuna kitu. Mnakuja kutembea.